Siku Soko la Kahawa Lilipowahi Kufunguliwa

Jalada lilikuwa mezani tangu saa mbili asubuhi, na hadi kufika saa nne Inspekta Kaanaeli Mgonja alikuwa hajalitia sahihi. Mwanamke huyu wa Usangi, aliyekula miaka ishirini na tisa katika upelelezi, alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake wote: asichokielewa hakitii sahihi, hata aletewe na nani.

"Mahakamani wanatutegemea saa nane," alisema Afande Mbaraka, Mkuu wa Kituo, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Mtuhumiwa tunaye. Ugomvi na yule bibi alikuwa nao. Na uongo wake umo humo ndani, kauandika kwa mkono wake mwenyewe. Unangoja nini?"

"Nangoja huo uongo uniingie akilini, afande."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatatu, tarehe kumi Machi, kijiji kizima cha Vudee kilikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya lazima. Mvua zilikuwa zinakaribia na ilibidi ndiva izolewe tope, lile bwawa la mababu linalokinga maji ya kijito usiku ili mchana yagawiwe mashambani kwa zamu. Siku ya msaragambo hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa na mtoto mchanga. Bi Susana, mwenye miaka sabini na tatu, alibaki kwa sababu ya mguu. Macho yake nayo yana mtoto wa jicho. Huona vivuli tu. Mtu aliingia, akampiga kichwani kwa mchi, akachukua sanduku la bati lenye hati ya shamba, akaondoka bila kutoa neno. Bibi alikuwa hospitalini Same, amefungwa kichwa chote, lakini akili zake zilikuwa timamu kabisa.

Katibu wa ndiva, mzee Anaeli, aliita majina yote siku ile na kuweka alama. Majina mawili tu yalikosa alama. La kwanza lilikuwa la Fanueli, kijana wa miaka ishirini na saba, mtoto wa kaka mdogo wa Bi Susana, ambaye amepanga chumba Same mjini na aliwaambia polisi kwamba siku ile alikuwa huko. La pili lilikuwa la Elirehema Mchome, ambaye nyumba yake inatazamana na ya bibi, katikati kuna korongo tu, na ambaye mwezi wa kwanza alikuwa amegombana na bibi juu ya masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyong'olewa. Elirehema alikuwa amelipa faini yake mapema, mifuko miwili ya saruji ya kuzibia ufa wa ndiva, akasema Jumatatu ana kazi. Watu walicheka. Kazi gani, mtu asiye na mche wa kahawa, wala ng'ombe, wala duka, wala mshahara? Wakati huohuo nyumba ya mama yake imeezekwa bati jipya. Vudee ilikuwa imeshamhukumu kabla polisi hawajapanda mlima.

"Haya, Koplo," Kaanaeli alimgeukia Koplo Amiri, ambaye ndiye aliyechukua maelezo ya mtuhumiwa. "Nieleze upya huo uongo, taratibu, kama unamweleza mtu mgumu wa kuelewa."

Amiri alijiweka sawa. Alikuwa akijivunia ugunduzi ule tangu jana. "Anasema yeye hununua na kuuza mikataba ya kahawa kwenye soko la New York, kwa kompyuta, akiwa nyumbani kwake. Tuliomba rekodi kwa dalali wake wa Marekani, ikaja moja kwa moja kwenye barua pepe ya kituo, kwa hiyo hakuichezea. Rekodi inatumia saa za kule. Ijumaa alianza saa kumi na robo ya alfajiri yao. Yeye mwenyewe anasema Ijumaa alianza saa sita na robo mchana kwetu. Tofauti saa nane. Hapo sina ugomvi naye."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu rekodi inasema alianza saa kumi na robo vilevile. Ongeza saa nane, unapata saa sita na robo mchana. Lakini kwenye maelezo kaandika alianza saa tano na robo. Kajiongezea saa nzima. Na Bi Susana alipigwa saa tano na dakika hamsini. Yaani alikuwa na nafasi ya kuvuka korongo, kupiga, kuiba, kurudi, kunawa mikono, kisha akae kwenye kompyuta kama mtu mwema."

Lilikuwa jambo lililopangwa vizuri na Kaanaeli alilikubali kwa kichwa. Kitu kimoja tu kilimkera. "Kama ana akili ya kutunga uongo wa saa, kwa nini alitupa mwenyewe jina la dalali wa kutuletea karatasi ya kumuumbua?"

Afande Mbaraka aliitazama saa ya ukutani. "Nakupa mpaka saa saba na nusu. Ikipita hapo natia sahihi mimi."

Nje ya kituo, kwenye benchi, mama yake Elirehema alikuwa amekaa kwa siku ya pili pamoja na majirani watano walioshuka naye kutoka Vudee. Wawili walikuja kumsindikiza kwa huruma. Wale watatu wengine, na tuseme ukweli, walikuja kuona mwisho wake.

Elirehema aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni ingawa lilikuwa limelaliwa siku mbili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti. Nimesoma maelezo yako mara tatu. Umeandika unafanya fyucha na opsheni za kahawa. Sikuelewa. Nieleze."

"Mmenihoji watu wanne. Wote mmeuliza pesa natoa wapi. Hakuna aliyeuliza kazi yenyewe."

"Nimeuliza mimi."

"Kwenu mlilima kahawa?"

"Baba alikuwa na miche mia nne."

"Bei aliijuaje?"

Kaanaeli alikumbuka baba yake akiwa ameketi kwenye ngazi za chama cha ushirika, kofia gotini, anangoja. "Ilikuja na karani. Tuliambiwa bei imefika, basi."

"Ilitoka wapi?"

"Hatukuwahi kuuliza."

"Baba yangu pia hakuuliza. Alikufa akiamini bei inapangwa Moshi." Elirehema alisogea mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikachangamka. "Kuna soko New York ambapo watu wanapatana leo bei ya kahawa ya mwezi wa saba. Kahawa yenyewe bado iko mtini, pengine haijachanua. Mkataba huo ndio fyucha. Nikiona bei itapanda, naununua. Nikiona itashuka, nauuza. Natoka kabla ya siku ya kukabidhiana mzigo, kwa hiyo gunia lenyewe silioni."

"Na opsheni?"

"Umewahi kuweka arubuni ya kiwanja? Unalipa kidogo ili mwenye kiwanja asikupandishie bei mpaka mwezi uishe. Ukighairi, arubuni inakwenda, lakini hulazimiki kununua. Opsheni ni hiyo. Mimi naitumia kama kinga, bei ikigeuka isinizoe chote."

"Nani alikufundisha?"

"Vitabu. Na hasara. Miaka saba, afande. Miwili ya kwanza nilikuwa napoteza tu, nikalima vibarua vya tangawizi nipate cha kuanzia tena. Sina bosi. Sina mteja. Sijawahi kuchukua shilingi ya mtu nikaitia humo, na walioniomba ni wengi. Bei ya kahawa ya Vudee inapangwa mbali, na Vudee nzima ni mimi peke yangu ninayeiona ikipangwa, dakika kwa dakika. Hiyo ndiyo kazi ninayoambiwa sina."

Kaanaeli hakuwa mtu wa kuonyesha hisia zake usoni, lakini moyoni alifurahi, furaha ya mtu aliyekutana na fundi. Akaweka karatasi mbili mezani, ya Ijumaa na ya Jumatatu.

"Karatasi zinasema siku zote mbili ulianza saa kumi na robo ya kwao. Wewe unasema Ijumaa ilikuwa saa sita na robo ya kwetu, Jumatatu saa tano na robo. Moja ni uongo."

"Zote ni kweli."

"Koplo ulimweleza hivyo?"

"Koplo hakuniuliza. Aliniambia nimedanganya. Mtu akishaniita mwongo, sina cha kumweleza."

"Kiburi hicho kitakufikisha mahakamani saa nane."

"Kinifikishe."

"Mama yako yuko nje kwenye benchi tangu jana," alisema Kaanaeli bila kupandisha sauti. "Na mimi sijakuita mwongo. Nimekuuliza."

Elirehema aliinamisha macho kwenye karatasi. Kidole chake kikapita juu ya tarehe ya kwanza, kikatua kwenye ya pili. "Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna Jumapili," alisema. "Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani husogeza saa zao mbele. Nchi karibu nzima, usiku mmoja. Wanataka mwanga wa jioni uwe mrefu. Novemba wanazirudisha nyuma."

"Wanasogeza saa? Kwa amri?"

"Kwa sheria kabisa. Sisi jua letu ni lilelile mwaka mzima, hatuna haja nayo, ndiyo maana huku hakuna anayelijua jambo hilo. Mpaka Ijumaa tulipishana saa nane. Kuanzia Jumatatu ni saba. Kwao soko lilifunguliwa wakati uleule wa siku zote. Kwetu lilifunguliwa saa tano na robo badala ya sita na robo. Kila mwaka kuna watu huketi kulingoja, kumbe limeshaanza saa nzima bila wao."

Kaanaeli alitoa simu, akatafuta saa ya New York. Hapa ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kule ilikuwa saa tisa na dakika arobaini ya usiku. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, asionekane. Saba.

"Tuendelee," alisema, na sasa kalamu yake ilikuwa inatembea. "Baada ya kuanza Jumatatu, rekodi inaonyesha maagizo matatu. Saa kumi na dakika arobaini na nne, arobaini na nane, na hamsini na mbili, saa za kwao. Kwetu ni saa tano na arobaini na nne, na arobaini na nane, na hamsini na mbili. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilinunua soko lilipofunguliwa. Saa tano na arobaini bei ikaanza kuporomoka. Nikapunguza mkataba mmoja. Dakika nne baadaye nikanunua kinga. Dakika nne nyingine nikaona nimekosea tangu mwanzo, nikatoka kabisa."

"Kwa hiyo ulipoteza."

"Nilipoteza. Kiasi nilichokuwa nimejipangia kabla sijaingia, wala senti zaidi. Nilikata mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kuomba bei inirudie. Siku kama ile ndiyo inayonionyesha kama najua kazi."

Alilisema hilo kidevu kikiwa juu, kama mzazi anayetaja shule aliyosoma mwanawe. Kaanaeli aliandika neno hasara na kulipigia mstari. Mtu anayejitungia pa kujificha hujiandikia ushindi. Huyu alijificha, kama kweli alijificha, ndani ya kushindwa.

"Maagizo hayo hayawezi kujituma yenyewe? Au ukayatuma kwa simu ukiwa njiani?"

"Yapo ya kujituma. Haya si hayo. Tazama safu ya mwisho, dalali anaandika agizo limetoka wapi na kwa namna gani. Kwa mkono, kompyuta. Yote matatu. Kompyuta yangu ni ya mezani, skrini mbili, mmeiona. Kuibeba tu ni kazi ya watu wawili."

Ilikuwa imeandikwa hivyo. Koplo Amiri aliikagua kompyuta ile kwa macho yake, na mama mtu alikuwa ndivani na jina lake lina alama, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuigusa.

Saa ya kupigwa Bi Susana, Kaanaeli aliikagua jana mwenyewe huko Vudee. Ndiva ikishazolewa tope na kuzibwa, hupulizwa baragumu, na anayefika baada ya hapo anahesabiwa hakuja. Ndiyo maana katibu Anaeli huiandika dakika ya baragumu kwenye daftari. Faini za watu zinategemea hapo, na hakuna Mpare anayeacha faini yake ipimwe kwa kukisia. Jumatatu baragumu lililia saa tano na dakika hamsini. Kaanaeli alilinganisha saa ya mzee na yake: ilikuwa mbele dakika moja. Na Bi Susana hospitalini alisema wazi, "Baragumu lilikuwa halijanyamaza, mwanangu, mlango ukasukumwa."

Tena Kaanaeli alilivuka korongo kwa miguu yake. Kushuka na kupanda, kwenda tu bila kurudi, dakika sita, naye hutembea kuliko vijana wengi wa kituo. Mtu aliyeagiza saa tano na dakika arobaini na nane, akaagiza tena hamsini na mbili, hakuwa na muda wa kwenda hata nusu ya njia.

Bado hakutaka kutegemea neno la mtuhumiwa juu ya saa ya Jumatatu. Alimpigia simu mwanamke mmoja waliosoma naye, Justa, ambaye ni mpima bei katika kampuni moja ya kununua kahawa Moshi.

"New York wiki hii wanafungua saa ngapi kwetu?"

"Tano na robo, tangu Jumatatu. Tunakunywa chai mapema siku hizi."

"Na Jumatatu bei ilikuwaje?"

"Ilishuka vibaya kabla ya saa sita. Bosi hata chapati hakumaliza. Kwa nini, umeanza kulima?"

Kaanaeli alimshukuru na kukata simu. Ilikuwa saa tano na nusu. Elirehema alikuwa ametoka kwenye jalada, na kwenye orodha ya mzee Anaeli lilibaki jina moja lisilo na alama. Alichukua mkoba wake wa kawaida, akavaa kitenge juu ya sare, akamwambia Amiri avue kofia na amfuate.

Chumba cha Fanueli kilikuwa nyuma ya stendi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kuta zilijaa karatasi za chati zilizopigwa mistari ya rangi, na juu ya kitanda palikuwa na bango aliloliandika mwenyewe: Mwalimu wa Soko. Kijana alikuwa mcheshi, na aliwapa viti kabla hawajaomba.

"Shikamoo mama. Shangazi anaendeleaje? Nilikwenda jana, wakasema amelala."

"Marahaba. Anaendelea. Nimekuja kumalizia maelezo yako tu, si unajua mambo ya ofisi. Mimi kompyuta hizi sizijui, nifundishe. Elirehema anasema naye alikuwa sokoni siku hiyo."

Fanueli alicheka. "Elirehema alinianzisha, simkatai. Miezi mitatu tu, nikaona ananichelewesha. Yule ni mtu wa kukaa mlimani na viskrini vyake. Sisi wa mjini ndio tunapiga kazi."

"Jumatatu ulipiga kazi?"

"Mama, mimi soko halinipiti. Jumatatu nilikaa hapa hapa tangu saa tano kasoro, laptop mbele yangu."

"Soko lilikuwa limefunguliwa?"

"Bado. Linafunguliwa saa sita na robo. Mimi huwa nawahi, najiandaa kisaikolojia."

Amiri alikohoa. Kaanaeli alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Sasa kuanzia hiyo saa tano ulikuwa unatazama nini?"

"Bei. Ile ya Ijumaa, imesimama tu pale. Ikisimama hivyo ndiyo unasoma chati bila presha."

"Ilisimama mpaka saa ngapi?"

"Mpaka sita na robo kamili. Hapo ikaanza kucheza, nikaingia, nikanunua, nikapiga faida ya haraka. Nimeandika, tazama." Alimfungulia daftari. Jumatatu, 6:15, kahawa, nimenunua. Chini yake tabasamu limechorwa kwa kalamu nyekundu.

"Una uhakika haikusogea kabla ya hapo? Hata kidogo?"

"Mama, nilikuwa sibanduki. Haikusogea hata nukta. Ningeenda wapi?"

Kaanaeli alilifunga daftari taratibu na kulitia kwenye mkoba. "Ungeenda Vudee," alisema. "Jumatatu soko lilifunguliwa saa tano na robo. Wamarekani walisogeza saa zao Jumapili. Saa tano na arobaini bei iliporomoka mpaka wanunuzi wa Moshi wakaacha chai. Kufika hiyo sita na robo yako, soko lilikuwa limeshafanya kazi saa nzima, na Elirehema alikuwa ameshaingia, ameshapoteza na ameshatoka. Kila aliyekuwa mbele ya kioo siku hiyo anajua. Asiyejua ni yule ambaye hakuwepo."

Kijana alitazama ukuta wake wa chati kama anayetafuta pale mahali pa kushika.

"Alikufundisha miezi mitatu," Kaanaeli aliendelea. "Ungekaa mpaka Machi angekufundisha na hilo."

"Sikwenda kumpiga," alisema Fanueli. "Shangazi haoni. Nilijua nitaingia, nichukue hati, nitoke. Lile baragumu lilinishtua, nikajigonga kwenye mlango, akainuka akanishika shati. Angenishika uso angenijua."

"Hati ya nini?"

"Kuna watu wanataka lile shamba. Amekataa kuuza. Kila mwaka anakataa."

Amiri alishaanza kupekua bila kuambiwa. Sanduku la bati lilikuwa ndani ya gunia la nguo chafu, kufuli limevunjwa, hati imekunjwa vilevile ilivyokunjwa na Bi Susana. Fanueli alinyoosha mikono ya pingu mwenyewe. Walimshusha ngazi akipita mbele ya mafundi wa pikipiki waliozoea kumwita Ticha, na hakuna aliyemwita.

Saa saba na dakika ishirini Kaanaeli aliliweka jalada mbele ya Mkuu wa Kituo, jina jingine likiwa juu yake na sahihi yake chini. Afande Mbaraka alisoma kurasa zote mbili, akarudia ile yenye hesabu ya saa.

"Nani alikueleza haya ya kusogeza saa?"

"Mtuhumiwa."

"Na ukamwamini?"

"Hapana, afande. Nilimkagua. Kila alichosema kilisimama."

Afande Mbaraka alilifunga jalada. "Mtoeni."

Elirehema alirudishiwa mkanda na viatu kaunta, huku Koplo Amiri akijaza daftari la kuwaachia watu. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameshaambiwa na amesimama kizingitini, wale majirani watano nyuma yake, wakiwamo wale watatu waliokuja kuona mwisho wake.

"Pole kwa usumbufu," Amiri alisema bila kuinua macho. Ilimgharimu kusema hivyo, na alisema. "Weka sahihi hapa."

Elirehema alishika kalamu, akasoma mstari, akairudisha kalamu juu ya kaunta.

"Hapa umeandika kazi, hana."

"Ni utaratibu tu. Sahihi, kaka, uende nyumbani."

"Sitoki."

"Umekaa ndani siku mbili, unataka kukaa ya tatu kwa sababu ya neno moja?"

"Kwa sababu ya hilo hilo. Hata ikiwa ya nne."

Hakuwa na hasira, alikuwa amesimama tu, vifungo mpaka shingoni, na ilionekana wazi kwamba angesimama hivyo mpaka giza liingie. Amiri alimtazama Inspekta kuomba msaada. Kaanaeli alizunguka kaunta, akalivuta daftari, akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka na kutia herufi za jina lake pembeni, kama sheria inavyotaka. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa mwanafunzi wa misheni: Mfanyabiashara wa fyucha na opsheni za kahawa, soko la New York. Nafasi haikutosha, maneno yakavuka mpaka kwenye safu ya kabila na ya dini, akayaacha yavuke.

Elirehema aliyasoma taratibu. Akaweka sahihi.

"Sasa isomewe familia," alisema Kaanaeli. "Jina, kazi, na sababu ya kuachiwa. Kwa sauti, Koplo."

Amiri alisimama wima na kusoma. Elirehema Mchome, wa Vudee. Mfanyabiashara wa fyucha na opsheni za kahawa, soko la New York. Ameachiwa huru, hana kosa.

Mama yake hakulia. Aliikaza kanga yake kiunoni, akawageukia majirani, akawatazama mmoja mmoja, na kwa wale watatu akakawia kidogo zaidi.

"Mmesikia," aliwauliza, "au arudie?"

Koplo Amiri akaangalia chini kwenye daftari, akasafisha koo, akarudia.